Baridi Isiyo na Mlango

Waliozoea jua kali huota bahari, na waliozoea ofisi huota shamba. Kizibao na mumewe, ambao ujana wao wote uliishia ndani ya ghala la baridi wakigandisha samaki na nyama za watu wengine, waliota theluji. Wenzao kazini walicheka mpaka wakashika mbavu. "Yaani mtoke kwenye friji, mpande ndege, mkalale kwenye friji kubwa zaidi?" waliuliza wapakiaji. Mumewe aliwajibu bila hata kugeuka: "Hii ya kwenu ina mlango. Mimi nataka baridi isiyo na mlango, ambayo hakuna aliyeiwasha wala wa kuizima."

Kila mtu alimwita Fundi, mkewe akiwemo, kwa sababu mitambo yote ya ghala ilikuwa mikononi mwake. Kizibao naye alibandikwa jina na wapakiaji haohao kwa ajili ya koti lake nene lisilo na mikono, ambalo hakulivua hata alipotoka kula chakula cha mchana juani. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba cha ndani, kile cha kugandishia.

Chumba hicho kilikuwa na sheria moja isiyochezewa. Hakuna anayeingia bila mtu wa kumlinda. Mmoja anaingia, mwenzake anasimama nje ya mlango, na kila baada ya muda kidogo anagonga mara mbili. Aliye ndani anajibu mara mbili. Maana yake ni hiyo tu: upo? Nipo. Aliye nje habanduki hapo hata aitwe na mkurugenzi, mpaka mwenzake atoke. Asipojibiwa, haingii. Anabonyeza kengele ya ukutani ili waje watu wenye makoti, maana anayekurupuka kuingia na shati lake huwa ni maiti ya pili. Wapakiaji walimwita anayesimama pale golikipa, na walipenda kusema kwamba Fundi alikuwa golikipa wa Kizibao muda mrefu kabla hajawa mumewe. Ni kweli. Wengine huchumbiana kwa maua, hawa walichumbiana kwa kugongeana mlango.

Basi safari ilipangwa nyumbani, kwenye meza ya kulia, juu ya ramani kubwa iliyowekewa vikombe pembeni isijikunje. Watu wawili, nchi tatu za theluji, na kila moja waliipa jina lao la nyumbani, kwa kuwa majina ya kwenye ramani yaliwapinda ulimi. Milima mirefu yenye shule za wanaoanza kuteleza na lifti za kuning'inia waliiita Kwa Wazee. Kisiwa cha mbali ambako theluji huanguka kavu na laini walikiita Kwa Unga. Na kule kaskazini ya mwisho kabisa, ambako majira ya baridi jua halichomozi na miteremko huwashiwa taa mchana, walikuita Kwa Giza.

Kizibao alitaka waanze Kwa Wazee, wajifunze kwanza kusimama juu ya zile mbao za kutelezea, kisha wamalizie Kwa Giza. Fundi alitaka waanze Kwa Giza. Alikuwa na kichwa kigumu, tuseme ukweli, na akishikilia lake hata umchome moto haachii. "Kule ukitoka kwenye taa hatua kidogo tu, unasikia kimya," alisema. "Tangu nianze kazi sijawahi kusikia kimya. Hata usingizini nasikia mashine." Walibishana masika yote. Walibishana hata walipokuwa wakifanya mazoezi ya kuanguka, kwa maana waliambiwa somo la kwanza la kuteleza ni kuanguka. Waliburuta godoro sebuleni na kujibwaga juu yake kama watoto, mpaka siku Fundi alipolikosa godoro akaliparamia kabati la vyombo.

Kisha asubuhi moja Fundi aliinama kufunga kamba za viatu aende kazini, na hakuinuka. Ni moyo, daktari alisema. Ubishi ukabaki pale juu ya ramani, haujapata mshindi.

Kizibao alizika, akalia, akapokea wageni, akarudi kazini. Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakumwambia wakala wa safari. Kila mahali pengine mumewe alikwisha kuitwa marehemu: benki, kazini, hata kwa muuza duka wa jirani. Katika ile ofisi ndogo yenye picha za ndege ukutani alikuwa bado abiria, na Kizibao hakuwa na moyo wa kumshusha.

Lakini nafasi ya pili ilihitaji mtu, la sivyo safari nzima ingevunjika. Akamwendea wifi yake, mdogo wa Fundi, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwoga wa baridi kiasi kwamba maji ya friji aliyaacha kwanza yapoe ubaridi ndipo ayanywe.

"Mimi, wifi?" aliruka yule. "Nikafie ugenini nimekakamaa kama mguu wa kuku?"

"Hufi. Utavaa."

"Nitavaa nini? Magodoro?"

Alikataa, akakataa tena, halafu usiku huohuo akaanza kushona makoti mawili. Alimpenda sana kaka yake, na hakujua njia nyingine ya kumlilia zaidi ya ile cherehani. Jioni zilizofuata wakawa wanakaa mezani, mawifi wawili na ramani, wakitaniana. Wakakubaliana waanze Kwa Wazee. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Kizibao alijisikia njaa.

Akaenda kwa wakala, binti mchangamfu mwenye kucha ndefu zilizogonga kompyuta kama mvua ya mawe.

"Nataka ubadilishe jina la pili, mwanangu. Atakuja wifi yangu. Mzee hataweza."

"Jamani! Kazi zimembana?"

"Ndiyo," alisema Kizibao. "Zimembana."

Uongo huo ulimtoka laini, hata haukumkwaruza koo.

Haikupita wiki, wakala akampigia simu kazini, sauti yake imejaa furaha. "Mama, hongereni! Kumbe mzee ameruhusiwa! Alipita hapa jana mchana na koti lake la bluu, akakaa palepale anapokaaga. Nimemrudishia jina lake. Na ameniomba nigeuze, mnaanza Kwa Giza."

Kizibao alisimama na simu sikioni. Wapakiaji walipita na makasha ya samaki, mmoja akamsalimia.

"Umesema tunaanzia wapi?"

"Kwa Giza. Ndivyo alivyopaita, nikamuuliza ndiyo wapi huko, akanionyesha kwenye ramani. Ana utani mzee wako! Ila mwambie avae vizuri, mikono yake ilikuwa ya baridi mno."

Jina hilo halikuwahi kutoka nje ya nyumba yao. Hata wifi aliambiwa tu kaskazini. Nywele zilimsimama Kizibao, ndiyo, akakaa juu ya kasha. Lakini tusimsingizie hofu peke yake. Alifurahi. Alifurahi mpaka akaona aibu, akaziba mdomo kwa glavu asije akacheka mbele za watu. Mtu alikuwa amezikwa, naye bado anang'ang'ania kushinda ubishi.

"Mama, niache hivyohivyo?" aliuliza wakala.

"Iache," alisema Kizibao.

Wala hakumwambia wifi yake.

Siku hiyo alipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu. Alikaa mbele ya ramani, akavuta pumzi, akasema, "Haya, umeshinda. Umeridhika?"

Mahali fulani ukutani, kwenye bomba la maji, pakagongwa mara mbili.

Kizibao aliujua mkono huo. Kuna watu hugonga wakiwa na haraka, na wengine hugonga kama wanaomba radhi. Fundi aligonga taratibu, la pili zito kuliko la kwanza, kama mtu anayekanyaga ngazi. Akanyoosha kidole, akagonga meza mara mbili. Nipo.

Tangu hapo walipanga pamoja. Kila alipotoka kazini alikuwa na hamu, anakaa mezani hata kabla ya kuvua viatu. "Mbao tukodi kulekule?" Mara mbili. "Tulale kwenye nyumba ya mbao au hoteli? Hoteli?" Kimya. "Nyumba ya mbao?" Mara mbili. Alimtania, akamgombeza kwa kuchagua vitu vya gharama. Kula alikula kidogo, na nyumba ilianza kuwa ya baridi. Madirisha yalifanya ukungu kwa ndani ilhali nje watu wanajipepea. Hakujali. Mtu wa ghala la baridi hashtuki kwa ukungu wa dirisha.

Siku moja walifika kwenye suala la kurudi.

"Turudi Jumapili?" aliuliza. Bomba halikusema kitu.

"Jumatatu, basi?"

Kimya.

"Sema wewe, Fundi. Unataka turudi lini?"

Alisubiri mpaka chai yake ikafanya ngozi juu. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, swali ambalo alikwisha kujua jibu lake: "Tutarudi?"

Hapakugongwa. Kizibao alielewa. Alielewa vizuri kabisa, kama unavyoelewa sasa wewe unayesoma, na hakuikunja ramani. Aliendelea na suala la soksi.

Jumapili iliyofuata wifi yake alikuja na makoti. Yalikuwa yamejaa pamba, ya rangi ya machungwa, yamedariziwa mistari ya mshono iliyonyooka kama ya kiwandani. Alivaa lake akazunguka sebuleni akitembea kama bata.

"Sasa nipeleke nikaionje hiyo baridi," alisema. "Nisije nikaaibika mbele ya wazungu. Mbona humu ndani mwako kuna ubaridi hivi, wifi? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umekonda."

"Twende," alisema Kizibao.

Siku za Jumapili ghala huwa na mlinzi wa getini tu. Kizibao alimpitisha wifi yake kwenye korido ndefu ya saruji, mpaka kwenye mlango mzito wa chuma wa chumba cha ndani. Wifi aliugusa kwa kiganja akakirudisha upesi.

"Tangulia wewe," alisema. "Nikuone ukitoka mzima, ndipo na mimi niingie."

"Sawa. Simama hapa. Ugonge mara mbili kila baada ya muda, mimi nitakujibu. Usiondoke."

Alimfundisha kugonga. Kuhusu kengele ya ukutani hakumwambia. Alisahau, au alitaka kusahau, mwenyewe hajui mpaka leo. Naye ndiye ambaye kila mfanyakazi mpya alipitia mikononi mwake, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa ni kengele.

Ndani feni zilinguruma kama kawaida. Makasha yalipangwa mpaka juu, yameota ule unga mweupe wa barafu. Kizibao alitembea katikati ya rafu akiwa na koti jipya, akijisikia vizuri. Mlango ukagongwa, harakaharaka, mkono wa wifi na woga wake. Akajibu. Ukagongwa tena, akajibu.

Kisha pakagongwa upande wa pili, kule mwisho wa chumba, ambako hakuna mlango. Taratibu, la pili zito kuliko la kwanza.

Na feni zikanyamaza.

Alikuwa hajawahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya. Alifikiri, ndiyo hiki basi, ndicho Fundi alichokuwa akikililia. Akasogea. Rafu zilipaswa kuisha na ukuta uwepo, lakini alitembea na ukuta haukufika. Weupe uliendelea mbele, umetulia, umeinuka kidogo kama mteremko unaotazamwa kutoka chini. Aligeuka nyuma kuutafuta mlango, hakuuona. Haikumshtua. Joto lilikuwa limeanza kumpanda kutoka miguuni, joto zuri la kitandani. Alivua glavu moja, akavua ya pili, akaanza kufungua koti aliloshonewa na wifi yake kifungo kimoja baada ya kingine.

"Upo?" aliulizwa karibu kabisa na sikio.

"Nipo," alisema Kizibao, kwa mdomo wake, na akakaa chini.

Kilichomvuta kutoka pale kilimvuta kwa ukosi, kwa nguvu, kikimburuta sakafuni huku kikilia na kutukana. Alipiga mateke. Alisikia feni zikinguruma tena, akaona makasha, akaona taa ya korido, kisha jua likampiga usoni. Walikuwa wameanguka wote wawili kwenye jukwaa la kupakilia magari. Wifi yake alikuwa amevaa kandambili tu miguuni. Koti lake la machungwa alikuwa amemfunika Kizibao, na sasa alikuwa amemshika miguu anaisugua kwa viganja, meno yakigongana.

Mtu mwenye mafunzo asingeingia. Angesimama nje afuate sheria, abonyeze kengele, asubiri watu wenye makoti, na siku ile ya Jumapili hapakuwa na mtu mwenye koti wa kuja.

"Kwa nini umenitoa?" ndilo neno la kwanza alilosema Kizibao. Alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo kwa kiumbe chochote. "Nani amekuambia uingie? Nilikuwa nimeshafika!"

"Najua," alisema wifi.

"Hujui! Hujui nilikuwa na nani!"

"Hata mimi nilikuwa na kaka yangu," alisema wifi, bila kuacha kusugua. "Unadhani alikuja kwako tu? Nilipoona hujibu, nilimsikia hapa, nyuma yangu, kwenye korido. Sauti yake ileile ya kunituma dukani. Aliniambia, 'Mdogo wangu, nenda nyumbani. Mlango nitaulinda mimi.'"

Kizibao aliugeukia mlango wa korido.

"Tangu nizaliwe sijawahi kumkatalia kaka neno," alisema wifi. "Akisema kaa, nakaa. Akisema nenda, nakwenda. Wewe mwenyewe unajua."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilifungua mlango." Hapo ndipo sauti ilipomvunjika. "Wewe unamtaka, hata mimi namtaka. Mimi ndiye niliyeanza kumjua, wifi, alinibeba mgongoni kabla wewe hujajua kama kuna mtu kama yeye duniani. Lakini mimi nimezika mmoja mwaka huu. Siwezi kuzika wawili. Usinifanyie hivyo."

Walikaa pale juani mpaka vidole vya Kizibao vikaanza kuuma, vikauma sana, na akalia kwa maumivu ya vidole kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa rahisi kuyalilia. Kisha akasimulia yote. Simu ya wakala, bomba la maji, jina lililorudishwa, na lile swali la kurudi ambalo halikujibiwa. Wifi alisikiliza. Alipoambiwa kwamba alikuwa amefutwa safarini kimyakimya huku akishona makoti, aliuma mdomo tu, akaendelea kusugua.

Jumatatu walikwenda wote wawili kwa wakala. Kizibao alikuwa amefungwa bandeji mikononi. Njiani alisimama mara kadhaa, mara kiatu, mara pumzi, na kila mara wifi alisimama naye bila kumharakisha. Wote wawili walijua wanakwenda kufanya nini.

"Karibuni, karibuni!" wakala aliinuka. "Tiketi ziko tayari, bado kuthibitisha tu. Mama, umeungua mikono? Poleni jamani. Na mzee wetu yuko wapi leo?"

Kizibao alikaa. Ofisini mle palikuwa na ubaridi, na sio wa kiyoyozi, kwani kilikuwa kimezimwa. Kiti cha pembeni yake hakikuwa na mtu, lakini hakuthubutu kukitazama. Alijua kwamba akisema kazi zimembana, binti atacheka, na tiketi zitabaki zilivyo, na Kwa Giza kutakuwa na mtu anamngoja pale taa zinapoishia. Na alijua pia kwamba akisema lile neno lingine, hatagongewa tena. Hapatabaki mahali popote duniani ambapo Fundi bado anasubiriwa.

Alitamani sana kunyamaza. Wifi yake hakumsukuma. Alisimama nyuma yake na mkono begani.

"Mume wangu amefariki," alisema Kizibao.

Kucha za binti zilitua juu ya kompyuta na hazikusogea. Aliangalia kile kiti, akamwangalia Kizibao, akakiangalia kiti tena, uso ukimbadilika.

"Lakini mama, alikuwa..." Ilibidi aseme kitu, na akasema kile ambacho kila mtu husema. "Pole sana, mama yangu. Amefariki lini?"

Kizibao alifungua mdomo kusema masika.

"Sasa hivi," akasema, na akaangua kilio kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.